Mama Mkwe Ndani ya Boma

Mama mkwe wangu alidhani nimekwenda kwa mganga. Yote yalianzia hapo, na sina hakika kama wazo hilo aliwahi kuliacha.

Alichokiona ni hiki. Juu ya meza ya sebuleni kwetu, mtaa wa Makanyagio, Mpanda, kulikuwa na ubao wa karatasi ngumu uliochorwa ngome yenye kuta nne. Pembeni yake kulikuwa na vipande vidogo vya rangi, dadu mbili, na kijitabu cha Kiingereza chenye picha ya watu waliovaa chuma kuanzia utosini hadi vidoleni. Ulikuwa mchezo tu. Mzungu mmoja aliyekuja kuhesabu viboko kule mbugani aliniachia siku aliyopanda treni kurudi kwao, kwa sababu mizigo yake ilizidi uzito na mimi ndiye niliyekuwa karani wa vifurushi pale stesheni. Nilikuwa nimeutandaza mezani nijaribu kuuelewa, nikaenda kazini nikauacha vilevile. Mama mkwe akatoka chumbani asubuhi, akakuta vijitu vya rangi vimeizunguka nyumba ya kuchora, na namba zimeandikwa kila pembe. Akamwita binti yake akamuuliza, mumeo anaagua nini?

Alikuwa amefika wiki moja kabla, juu ya lori kutoka kwao Inyonga, akiwa na dumu la asali, gunia la mihogo mikavu, na nia ambayo hakuitaja. Nia yake niliijua. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na mama alikuja kumchukua akajifungulie kwao. Mimi sikutaka. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa huko, mikononi mwa mama mkwe na mkunga wa kijiji, akaishi siku mbili. Hapa mjini tulikuwa na hospitali, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Kwa nini nimpandishe mke wangu kwenye lori?

Niliamini kwamba mama mkwe alimnywesha yule mtoto dawa za miti. Sikuwa na ushahidi. Yeye aliamini kwamba nilikuwa na mwanamke nje wakati wa mimba ile, maana kwao, na hata kwetu sisi Wanyamwezi, watu husema baba akitoka nje ya ndoa mke akiwa mjamzito, mtoto hafiki mbali. Yeye pia hakuwa na ushahidi. Miezi ya mwisho ya mimba ile nilikuwa Tabora kwenye mafunzo ya kazi. Nilikuwa kazini, na nilimwambia hivyo kila aliyeniuliza, na hata wale ambao hawakuniuliza.

Watu wanaodhaniana hivyo ilibidi wakae chini wayamalize. Tungekaaje? Kwa mila zetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Nikitoka kazini, nilipofika kwenye kona ya ua wa matete nilikohoa. Yeye akisikia anainuka sebuleni, anaingia chumba cha ndani, pazia linashushwa, ndipo mimi naingia. Akitaka kwenda uani anakohoa yeye, nami nageukia ukutani mpaka apite. Nyumba yetu iliendeshwa kwa kikohozi, mpaka jirani mmoja akatuletea dawa ya kifua. Zamani mambo mazito kati ya wakwe yalipitia kwa mshenga, lakini mshenga wetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alibaki mke wangu kuwa mdomo wetu.

Basi jioni ya siku ile ya ubao, nikiwa barazani, akanijia na ujumbe.

"Mama anasema, kama ule ni mchezo, una sheria. Anataka kuzisikia."

"Mwambie ni za Kiingereza."

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, sauti ikasema, "Mwambie mkwilima wangu, huyo mumeo, ana mdomo wa Kiswahili, nimewahi kuusikia ukiomba mke."

Jumamosi yake nikakaa kwenye kigoda barazani, mgongo wangu nimeuelekeza mlangoni, nikaanza kutafsiri kwa sauti. Nilifikiri nitamaliza kwa nusu saa na yeye ataridhika kwamba siyo uganga. Kumbe nilikuwa nimefungua kesi.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mmoja yuko ndani ya ngome, mwenzake yuko nje na jeshi, amemzingira. Raundi ziko kumi na tano. Ukuta wowote ukibomoka kabla ya raundi ya kumi na tano kwisha, aliye nje ameshinda. Kuta zikisimama mpaka hapo, jeshi la kuokoa linafika na aliye ndani ameshinda. Kila raundi ina hatua zake, na kijitabu kilisisitiza kwa herufi nzito kwamba hatua hazirukwi wala hazigeuzwi. Kwanza aliye ndani anatoa gunia moja ghalani, watu wake wale. Kisha kila upande unaandika amri yake kwenye karatasi bila mwenzake kuona, na amri zinafunguliwa kwa pamoja. Halafu aliye nje anapiga: anarusha mawe kwa mtambo, au anachimba handaki chini ya ukuta, au anaweka ngazi, na dadu ndiyo inayoamua amepata au amekosa. Mwisho aliye ndani anatengeneza kilichobomoka, naye kwa dadu. Raundi imekwisha, inaanza nyingine.

Nilipomaliza nikafunga kijitabu. Kisha pazia likasema, "Kisima kiko wapi?"

"Kisima gani, mama?" mke wangu akauliza.

"Bibi yangu alizaliwa ndani ya boma lililozingirwa, enzi za vita vya watemi, machifu wetu wa zamani. Alituambia boma halianguki kwa mawe, linaanguka kwa kiu. Hilo halina kisima. Huyo Mzungu ama hajui vita, ama kuna ukurasa umefichwa."

Nikacheka. Sikucheka kwa furaha.

Akaomba sheria ziandikwe, azisome mwenyewe. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na aliandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama nguzo za ua. Nikanunua daftari dukani, mtaa wa Kashaulili, nikakaa jioni mbili nikitafsiri. Nilipompa mke wangu ampelekee, lilirudi na swali kabla chai yangu haijapoa.

"Mama amehesabu. Kitabu cha Kizungu kina kurasa ishirini, daftari lako lina kurasa tatu. Anauliza zile kumi na saba umezila?"

Nikamjibu kwamba Wazungu hurudia maneno, na nyingine ni picha. Ilikuwa kweli, ila siyo kweli yote. Kulikuwa na sheria moja niliyoiacha kwa makusudi. Ilisema kwamba aliye ndani, mara moja tu katika mchezo mzima, anaweza kuandika amri ya kutoka nje kwa ghafla na kuchoma mtambo wa adui kabla hatua ya mapigo haijaanza. Nilijiambia ni ndefu na itamchanganya mama wa watu. Niliiacha kwa sababu ilimsaidia yeye. Nilijua kuwa yeye ndiye atakayekaa ndani, maana hata nyumbani ndiko alikokuwa, na sikuwa tayari kumpa kiberiti. Kile kijitabu nikakifukia kwenye sanduku la bati, chini ya mashuka.

Tukaanza. Mke wangu alikaa mezani sebuleni, mwamuzi, ubao mbele yake na dadu zikirushwa kwenye sinia. Mimi barazani, mama nyuma ya pazia, yeye katikati anakusanya vikaratasi, anavisoma kwa sauti, anarusha dadu, anatangaza. Vipande vya mawe ya ukuta vilikuwa vimepungua, tukaweka punje za mahindi, kumi kila ukuta. Tulicheza raundi moja jioni, nikitoka kazini, isipokuwa siku za treni, ambazo nilirudi nimechoka sana.

Raundi ya pili kuku wa jirani aliingia akala mawe matatu ya ukuta wa kaskazini. Mama mkwe akasema kuku haendi mezani bila kutumwa. Nikaapa. Akasema wanaoapa haraka ndio anaowaogopa. Mawe yakarudishwa, lakini tangu siku hiyo mlango ukawa unafungwa.

Raundi ya nne, mtambo wangu ulipong'oa mawe manne kwa mpigo, nikasema kwa majivuno kwamba boma linaelekea kuanguka. Pazia likacheka.

"Mwambie mumeo, boma likisimama mpaka mwisho, binti yangu napanda naye lori."

Nami mdomo ukanitoka. "Likianguka, anajifungulia hapa hapa Mpanda."

"Haya."

"Haya."

Ulikuwa utani. Nadhani ulikuwa utani. Lakini hakuna aliyeufuta, na kesho yake nilipoandika amri niliifuta mara mbili kabla ya kuitoa. Hatukuwa na njia nyingine ya kubishana, yeye na mimi, na sasa njia ilikuwa imepatikana, yenye hatua zilizopangwa na mwisho unaojulikana. Mke wangu alikuwa anachambua mchele wakati tukiyasema hayo. Aliendelea kuchambua.

Hapo ndipo nilipoanza kuugua ugonjwa wa kushuku, ugonjwa ambao sikujua nilikuwa nao kiasi kile. Mchana mimi niko stesheni na yule mama yuko nyumbani peke yake na ubao. Nani anamzuia kuongeza punje mbili ukutani? Nikawa nahesabu mahindi asubuhi kabla ya kuondoka na jioni nikirudi. Nikayawekea alama ya kalamu ya risasi kwa chini. Siku moja nikanyunyiza unga kidogo pembeni mwa ubao, na niliporudi nikakuta njia ya vidole imepita. Nikamwita mke wangu nikamwonyesha.

"Nilifuta meza," akasema.

"Ulifuta, au unamkingia kifua mama yako?"

Alinitazama muda mrefu, akachukua kitambaa akafuta na unga uliobaki. Na upande wa pili wa pazia hali haikuwa tofauti. Baadaye niliambiwa kwamba mama mkwe alikuwa amelaza uzi mwekundu kwenye kona ya ubao, aone kama unasogezwa nikiwa peke yangu sebuleni alfajiri.

Halafu dadu zikaanza kunikataa. Raundi ya saba niliweka ngazi ukuta wa kusini, uliobakiwa na mawe matatu. Nilihitaji saba au zaidi. Mke wangu akarusha, akasema, "Tatu na moja." Raundi ya nane, "Mbili na mbili." Nikatega sikio. Raundi ya tisa nikasikia sinia ikilia mara moja tu, na dadu ni mbili. Nikaamua moyoni kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Damu ni damu, nikajisemea, huyu ni binti wa mama yake, ameshapanga nguo za safari. Usiku nilikuwa nalala namtazama kisogo.

Ila kulikuwa na jambo ambalo halikukaa sawa, na nilikataa kuliona. Mama mkwe naye alikuwa hapati. Alipojaribu kujenga ukuta wa kusini, mara tatu mfululizo binti yake alitangaza moja moja. Jioni moja nikamsikia akinung'unika nyuma ya pazia, "Mwanangu, unarusha kwa mkono gani leo?" Nilifurahi. Nilipaswa kujiuliza.

Raundi ya kumi na moja ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Ukuta wa kusini ulikuwa na mawe mawili. Niliandika mtambo, ukuta wa kusini, nikampa mke wangu karatasi nikiwa na uhakika kwamba leo, hata kwa dadu mbovu, boma linaanguka. Tumbo lake lilikuwa limeshuka. Alipita polepole, akashika kiuno, akachukua karatasi ya mama yake kwenye upenyo wa pazia, akarudi kukaa. Akafungua zote mbili.

"Aliye nje: mtambo, ukuta wa kusini." Akainua ya pili. "Aliye ndani: natoka nje, nachoma mtambo."

Nilisimama mpaka kigoda kikaanguka. Sheria ile haikuwa kwenye daftari. Katika mji mzima wa Mpanda mtu pekee aliyeijua nilikuwa mimi.

"Nani kakwambia?" nikapiga kelele, nikisahau adabu zote, nikizungumza na pazia moja kwa moja. "Mama, hiyo sheria umeitoa wapi?"

Na pazia likajibu, nalo kwa hasira, "Sheria gani? Mimi nimeandika nitengeneze ukuta wa kusini. Sijaandika habari za kuchoma!"

Mimi mlangoni, yeye nyuma ya kitambaa, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake ambapo tulimshuku mtu yule yule mmoja.

Mke wangu alikuwa anaviweka vile vikaratasi kimoja juu ya kingine, anavinyoosha kwa kiganja.

"Nimeandika mimi," akasema.

Akatuambia bila kupaza sauti. Kijitabu alikikuta siku alipotoa mashuka kufua. Akaenda nacho kliniki, maana kliniki alikuwa anakwenda kila alipotakiwa, mimi nikidhani anamficha mama yake safari hizo na mama yake akidhani anakwenda sokoni. Nesi mmoja wa pale akamsomea kwa Kiswahili wakati yeye akisubiri foleni, ukurasa mmoja siku hii, mwingine siku ile. Ndivyo alivyojua nilichokiacha. Na dadu, akasema, dadu alikuwa ameacha kuzirusha tangu raundi ya tano. Alikuwa anagonga sinia na kutangaza tu namba. Boma likitaka kuanguka analiinua, likitaka kusimama analibomoa.

"Nilitaka lisianguke na lisisimame," akasema. "Maana nyie mmekaa mnacheza tumbo langu. Nimesomewa kitabu chote. Aliye ndani ana zamu yake, aliye nje ana zamu yake, hata njaa ina zamu yake. Yangu mimi iko raundi gani?"

Mama mkwe akaanza, "Mwanangu, sisi tulikuwa..."

"Mama, ngoja. Leo nauliza mimi. Mficha uchi hazai, na mimi nataka kuzaa." Akageuza kiti, pazia likawa upande wake mmoja na mimi upande wa pili. "Mama, anza wewe, uko ndani. Mtoto wangu alikufaje? Mimi nilikuwa nimelala, mkanichukulia, mkanirudishia amekufa. Sijawahi kuambiwa."

Palikuwa na mlio wa kitanda, kama mtu amekaa ghafla. Alipozungumza, ile sauti yenye makali ilikuwa imekwisha.

"Siku ya pili asubuhi aliacha kunyonya. Mkunga akasema tumpeleke zahanati, kuna baiskeli. Mimi nikasema tusubiri mpaka jioni. Niliogopa watanigombeza, wataniuliza kwa nini sikukupeleka ukajifungulie pale zahanati. Nikachemsha mizizi, nikampa kijiko. Kijiko kimoja tu. Mchana akawa baridi."

Miaka miwili nilikuwa nimesubiri maneno hayo. Nilikuwa nimeyaandaa majibu yake, nimeyanoa stesheni nikipima vifurushi, nimeyarudia njiani kila siku. Sikupata nafasi ya kuyasema, kwa sababu mke wangu alikuwa ameshanigeukia.

"Na wewe. Tabora kulikuwa na mwanamke?"

Ningeweza kusema hapana. Nimeisema hapana hiyo mara nyingi, na kwa ufundi. Alikuwa amekaa ameweka mikono miwili juu ya tumbo, macho yake makavu, na nilielewa kwamba ananiuliza swali moja tu, halitarudiwa, na kwamba akisikia uongo ataondoka na lori hata kama boma limeanguka lote.

"Alikuwepo," nikasema.

"Kabla mtoto hajafa, au baada?"

"Kabla."

Nilitegemea mama mkwe asonye. Alikuwa amepata ushahidi wake, kamili, kutoka kinywani mwangu. Hakusonya. Nilimsikia analia, na sikujua kama ananililia mimi, au mtoto, au kile kijiko. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Nilikaa chini pale pale kizingitini, miguu nje, kichwa ndani.

Siamini kwamba Tabora iliua mtoto. Sikuamini wakati ule, na baadaye nilimuuliza nesi, akacheka, akanieleza habari za maambukizo ya kitovu. Lakini nimeishi miaka mingi sasa, na ipo sehemu yangu ambayo haijawahi kumwamini nesi yule. Nilimshuku mama mkwe kwa kijiko kimoja cha mizizi. Yeye alinishuku mimi. Mwisho wa yote tuligawana ile shuku nusu kwa nusu, kila mtu akaenda na yake.

Mke wangu aliinuka, akamimina dadu na mahindi na watu wote wa rangi ndani ya boksi, akafunika.

"Nitajifungulia hospitali," akasema. "Mama atakaa na mimi wodini, na hatakuja na mizizi. Akiambiwa jambo na nesi atalifanya saa hiyo hiyo. Wewe utaleta uji asubuhi na jioni."

Hakuna aliyebisha. Pazia likasema, "Sawa, mama," kama mtoto anayetumwa dukani.

Alijifungua wiki tatu baadaye, siku ya treni, mimi nikiwa kazini. Nilipofika hospitali na chupa ya uji, mama mkwe akapita kwenye korido kajifunika kanga kichwani, mimi nikageukia ukutani, na nesi akaniruhusu kuingia dakika chache. Mtoto wa kike. Alikuwa amefungwa kitenge, ananyonya kwa nguvu, kisogo tu ndicho nilichokiona. Nikanyoosha mikono.

"Kesho," mke wangu akasema.

Nikaacha uji, nikarudi kesho yake. Nikanyoosha mikono tena. Akanitazama vile alivyonitazama siku ya unga mezani.

"Kesho."

Siku ya tatu sikuinyoosha. Nilisimama pembeni ya kitanda, nikamimina uji kikombeni, nikapuliza upoe, nikamsogezea. Akanywa wote. Siku ya nne nilipoingia, mtoto alikuwa macho. Mke wangu akamtoa kifuani, akaniwekea mikononi bila kuombwa, akanirekebisha kiwiko ili kichwa kikae vizuri.

"Huyu ni wako," akasema. "Mimi bado sijaamua."

Binti yule sasa ana watoto wake. Mama yake na mimi tumeishi pamoja muda wote huu, tumejenga, tumemzika mama mkwe Inyonga, na kila jioni tunakula meza moja. Hajawahi kuniambia aliamua nini, na mimi sijathubutu kumuuliza.